Maoni Yetu: Ndege Huzeeka kwa Safari

Boeing 737 ya shirika la Aloha, ile iliyong'oka paa angani huko Hawaii tarehe 28 Aprili 1988, ilikuwa imeruka saa 35,496. Kwa saa, ilikuwa na uhai mwingi bado, maana waliounda walilenga saa 51,000. Lakini ilikuwa imepaa na kutua mara 89,680, na lengo lao lilikuwa 75,000. Safari za kati ya visiwa ni fupi. Kila ikipaa, bodi hujazwa hewa na kutanuka, ikitua, hunywea. Hicho ndicho kinachochosha metali.

Kanuni ya kupima uchovu huo ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, kazi ya Mmarekani Paul Paris na wenzake. Kila mzunguko wa mkazo hurefusha ufa kidogo, na urefu unaoongezeka hufuata mkazo wa kwenye ncha ya ufa, ukipandishwa kwa kipeo. Kwa chuma, kipeo hicho hukaribia 3: mkazo ukiwa maradufu, ufa hukua mara nane. Ufa nao ukirefuka, mkazo wa nchani huzidi. Ndiyo maana hujificha miaka mingi, kisha mwishoni hukimbia.

Hisabati hii tunaiamini. Ndiyo inayompangia fundi arudi lini na taa yake kabla mambo hayajaharibika. Ila mahesabu ya kawaida huchukulia ufa mmoja, wenye urefu unaojulikana. Kwenye ndege ya Aloha gundi ya viungo ilikuwa imeachia, kutu imeingia, na vijiufa vikazuka kwenye matundu ya ribiti yaliyopangana mstari mmoja. Vilipoungana, zaidi ya mita 5 za paa zilikwenda, pamoja na uhai wa mhudumu mmoja. Kuna abiria aliyeona ufa wakati anapanda. Hakumwambia mtu.

Wachunguzi walisema wazi kwamba mpango wa matengenezo wa shirika ulishindwa kugundua nyufa hizo. Ukaguzi mwingi ulifanyika usiku, ndege ikisubiriwa asubuhi. Hakuna kanuni inayoweza kufidia jicho lililochoka. Mashirika yaandike mizunguko kwa uaminifu kama yanavyoandika mafuta, yampe mkaguzi muda wa kutosha kila tundu, na yampe mamlaka ya kuizuia ndege isiondoke hata kama abiria wameshajipanga mlangoni.