Ukumbi wa Majina Yasiyoandikwa

Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, vijiji vingi vya Uingereza vilichanga fedha vikajenga kumbi za kijiji ziwe ukumbusho wa vijana wao waliouawa vitani. Ndani ya ukumbi huwekwa ubao wa majina ya marehemu, na mbele ya ubao huo wanakijiji hufanya mikutano, harusi na masomo. Wafu wao wamebaki katikati ya shughuli za walio hai. Nasi twajiuliza: wafu wetu wa vita ile ile wameandikwa wapi?

Swali hili lawahusu hata watu wa Kolandoto, kaskazini ya mji wa Shinyanga. Mwezi Julai 1916 Waingereza waliitwaa Mwanza, kisha wakateremka kusini kupitia nchi ya Shinyanga kuelekea Tabora, ambako Wabelgiji waliingia Septemba 19. Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Kwa hiyo risasi, unga na dawa vilisafiri vichwani mwa watu. Wasukuma na Wanyamwezi, ambao babu zao walizoea kuchukua mizigo ya misafara hadi pwani, walitakiwa na Wajerumani na wapinzani wao pia. Wengi hawakwenda kwa hiari. Wanahistoria wanakadiria kuwa wachukuzi wapatao laki moja wa Afrika Mashariki walifariki, nao waliouawa na maradhi, njaa na uchovu ni wengi kuliko waliouawa kwa risasi.

Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, mahali ilipokuwa sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann. Ni askari wa shaba aliyeelekeza bunduki mbele, wala hapana jina la mtu. Wachukuzi nao walibakiwa na jina la mtaa. Soko lililojengwa na Wajerumani liligeuzwa na Waingereza kuwa kambi ya wachukuzi wao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, nao wenyeji wakalitamka Kariakoo. Leo maelfu huenda Kariakoo kununua kanga na mchele, na ni wachache wanaokumbuka kuwa wanataja jina la msiba.

Kukosa majina hakukuwa jambo dogo. Ujira wa wengi waliofia njiani haukuwafikia jamaa zao, kwa sababu majina yao yaliandikwa vibaya au hayakuandikwa kabisa. Sisi Waislamu tunafahamu uzito wa jambo hilo. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na anapofariki, anachodai ni sehemu ya mirathi. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuandike deni la muda maalumu na kuweka mashahidi. Pale ambapo kalamu haikutumika, mjane na yatima walidhulumiwa, na dhuluma hiyo haikuwa na wa kuishitaki.

Ndugu zetu, ujira ule hatuna uwezo wa kuurudisha. Majina twaweza kuyatafuta. Wajukuu wa wachukuzi wale sasa ni wazee, nao wakiondoka, wataondoka na yale waliyosikia. Juma hili, baada ya chakula cha jioni, tuwaulize bibi na babu zetu: nani katika ukoo alichukuliwa vitani asirudi? Tuandike katika daftari la nyumbani jina lake, jina la baba yake, kijiji chake na upande aliotumikia. Tusiwabague waliokuwa wa dini nyingine, kwani haki ya ujira ni ya kila aliyetoka jasho.

Na siku ambapo Waislamu wa Kolandoto, au wa kijiji chochote, watajaaliwa kujenga ukumbi wa madrasa na mikutano, na wauweke wakfu, na ukutani wayaandike majina hayo. Mtoto atakayejifunza kusoma hapo ayasome na ya wazee wake. Hiyo yaweza kuwa sadaka yenye kuendelea, itakayomfikia maiti asiyejulikana hata kaburi lake.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tuwe warithi waaminifu. Amin.