Gari Lipinduliwalo kwa Makusudi

Msomaji mpenzi, bila shaka umewaona vijana wetu wakirudi kutoka kibanda cha video. Huyu ananguruma kama injini, yule anajirusha kutoka juu ya kichuguu. Nao ndio hao hao wanaodandia malori ya mboga yateremkayo kutoka Mgeta kwenda Morogoro. Wadhani ya kwamba gari likipinduka, mtu hutoka akajipangusa vumbi, basi. Haya, leo tulifungue gari la senema tuone mna nini ndani.

Tuanze na la hapa kwetu. Mwaka 1962 ilitoka senema ya Kimarekani iitwayo "Hatari!", iliyopigwa Tanganyika, pamoja na huko Momella chini ya Mlima Meru. Ndani yake John Wayne aliigiza mkamata wanyama. Mafundi walikaza kiti juu ya madigadi ya mbele ya lori. Mkamataji huketi pale na mti mrefu wenye kitanzi, na lori humfukuza kifaru mpaka liwe ubavuni mwake. Na kifaru yule, ndugu yangu, alikuwa kifaru kweli kweli!

Gari la kupinduka ni habari nyingine. John Wayne huyo huyo alicheza "McQ", iliyotoka mwaka 1974. Humo mafundi walichomelea bomba nene la chuma kwenye sakafu ya gari, mdomo ukielekea chini. Ndani waliweka kipande cha gogo, na nyuma yake baruti. Dereva hukimbiza gari, huligeuza likae upande, kisha hubonyeza kitufe. Gogo huipiga ardhi kwa nguvu, na gari huinuka ubavu mmoja na kubiringika. Siku hizi wengi hutumia gesi iliyoshindiliwa. Katika "Casino Royale" ya mwaka 2006, gari la Aston Martin lilipandishwa kwanza kwenye tuta, likakataa kupinduka, maana lilikuwa limelala chini mno. Wakalifunga bomba la gesi: likabiringika mara 7.

Na dereva je? Yumo ndani ya kizimba cha mabomba ya chuma, mikanda imembana mabega yote mawili, kofia ngumu kichwani. Tangi kubwa la petroli limeondolewa. Wazima moto wamesimama karibu, ila kamera haiwaonyeshi.

Lori la Mgeta halina kizimba. Lina matenga ya karoti na kabichi, na mbele yake kona za mlimani na utelezi wa masika.