Upendo si Homoni, na Sindano si Ukosefu wa Imani



Kuna klipu zinazozunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp zikisema sayansi imepata chanzo cha upendo: homoni inayoitwa oksitosini. Vijana wanaambiwa ndiyo inayowafunga na mtu. Wenye ndoa wanaambiwa ikipungua, upendo umeisha. Hata madhabahuni imefika. Mimi nasema tupunguze mwendo.

Oksitosini ni ya kweli, na aliyeiumba ni Mungu. Hutengenezwa katika ubongo, hukaza tumbo la uzazi mama anapojifungua, na hushusha maziwa mtoto anaponyonya. Mwaka 1906, Henry Dale wa Uingereza aliripoti kwamba majimaji ya tezi iliyo chini ya ubongo yalikaza tumbo la uzazi la paka. Baadaye Vincent du Vigneaud wa Marekani akaitengeneza oksitosini maabarani, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa hii habari ya upendo. Mwaka 2005, watafiti wa Zurich walisema watu waliopuliziwa oksitosini puani waliwaamini wenzao zaidi katika mchezo wa pesa. Dunia ikashangilia. Lakini mwaka 2020, watafiti waliorudia jambo hilo kwa watu wengi zaidi hawakuyapata matokeo yale. Mwaka 2023 huko Marekani, panya wa nyika wasioweza kuitumia homoni hiyo bado walishikamana na wenzi wao!

Unaona, mpendwa? Wanasayansi wenyewe wamerudi kupima. Sisi tunasambaza bila kusoma. Paulo aliwafundisha Wathesalonike kupima mambo, si kumeza kila kinacholetwa.

Na usinunue chupa ya kupuliza ili mume arudi. Yesu ametuagiza tuwapende hata maadui. Hiyo ni amri, na amri hutiiwa hata siku ambayo mwili hausikii chochote. Ndoa yako inahitaji msamaha, ukweli na magoti.

Lakini sikia upande wa pili, kwa sababu hapa kuna uhai. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni mojawapo ya sababu kuu za vifo vya akina mama hapa Kenya. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sindano ya oksitosini mara tu mtoto anapozaliwa, ili tumbo la uzazi likaze na damu isimwagike. Dada, usiikatae ukidhani unamkosea Mungu imani. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa. Muuguzi aliyefunzwa akija na sindano hiyo, sema asante Yesu. Usikubali tu mtu akudunge nyumbani ati kuharakisha uchungu. Inaweza kumuumiza mama na mtoto.

Nanyi wazee wa kanisa, dawa hii huharibika kwa joto. Kabla ya kuniitia maombi ya wajawazito, ulizeni kama friji ya zahanati yenu inafanya kazi. Kama haifanyi, mwendeeni MCA, kisha tuombe pamoja.

Baba, walinde mama zetu wote walio karibu kujifungua. Wape wauguzi wetu hekima na vifaa. Katika jina la Yesu.

Andika AMINA, kisha mtumie dada mmoja mjamzito ujumbe huu.