Serikali Isivuke Kizingiti



Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tulitaraji mengi zaidi ya vyama vipya. Tulitaraji serikali inayojua mpaka wake, na mpaka huo ni kizingiti cha nyumba ya raia.

Tukumbuke Mei 6, 2020. Katikati ya Ramadhani, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe aliufunga Mji wa Kale wa Mombasa, pamoja na Eastleigh ya Nairobi, kwa siku 15: hakuna kuingia wala kutoka. Masoko na mikahawa ikafungwa. Kisha muda ukaongezwa hadi Juni 6, na Idi ikapita tungali ndani.

Hatukani kwamba korona iliua. Kifungu cha 24 cha Katiba ya 2010 charuhusu haki kuwekewa mipaka, lakini chataka pia njia nyepesi zaidi itazamwe kwanza. Kibarua wa bandarini hana akiba ya mwezi. Muuza kaimati na viazi karai huitegemea Ramadhani kwa pato lake. Anayewafungia njia hana budi kuuliza watakula nini.

Mitaa yetu ina wazee, maimamu na majirani wanaojuana kwa majina. Raia aliyeshauriwa hujilinda. Aliyeamrishwa hujificha, na maradhi hujificha naye.

Basi ikizuka dharura nyingine, twadai mambo matatu: wazee washauriwe kabla ya amri, chakula kitangulie askari, na Bunge lipime kila nyongeza ya siku.