Staa Anabandika Stika, Mrina Asali wa Rungwe Mpya Anabaki na Ndoo

Kuna mastaa wa Bongo, majina kapuni, siku hizi wamegeuka wauza asali. Chupa kali, stika ya dhahabu, "Asali Asilia ya Kigoma", picha Insta, bei juu. Mzinga wenyewe hawajawahi kuuona hata kwa mbali.

Wakati huohuo kijana wa Rungwe Mpya, kule Kasulu, kapanda mti usiku, kaumwa na nyuki, na asali yake inaondoka kwenye ndoo bila jina. Pesa inapotelea hapo, kwenye kikaratasi tu!

Na hicho kikaratasi wala sio uchawi. Canva ipo kwenye simu, ile ya bure inatosha kabisa. Mwenye kompyuta afungue Word, aingie "Mailings", atakuta "Labels", na bahasha za harusi zipo hapohapo. Unachagua saizi, unaandika mara moja, karatasi ya A4 inajaa stika, hata 21 kwa zile ndogo. Ila printa ya wino wa maji ni jau, chupa ikilowa kidogo maandishi yanachuruzika. Bora stationery yenye leza.

Wanaosema lebo ni mambo ya mjini wanamchelewesha huyu kijana. Aandike jina la bidhaa, uzito, ilikotoka, tarehe, namba ya simu.

Ile nembo ya TBS ambayo wengine wanaidaka Google na kuibandika kimyakimya? Hapana aisee. Hiyo haitoki Canva, wanaitoa TBS wenyewe wakishapima bidhaa.