Mlimani hakuna VAR, shabiki asicheze na maji

SHABIKI wa soka nchini ana mdomo mkali linapokuja suala la pumzi. Kiungo akianza kutembea dakika ya 70, jukwaa zima linapiga kelele kwamba amekata upepo, atolewe. Beki wa pembeni akichelewa kurudi mara mbili, mitandaoni anaambiwa apunguze chipsi. Mpeleke sasa shabiki huyohuyo, na jezi yake mgongoni, kwenye njia ya kupanda Maporomoko ya Sanje kule Udzungwa. Dakika 20 tu, ameshika kiuno na anauliza kama bado ni mbali.

Hapo ni pa kucheka. Pasipochekesha ni mbele ya safari. Anafika juu akiwa amelowa jasho, anakuta bwawa la maji safi limetulia chini ya jiwe, wenzake wameshatoa simu wanarekodi. Anavua jezi, anapiga kelele jina la timu yake, anaruka. Kina cha maji hakijui, baridi yake haijui na, kibaya zaidi, wengine hata kuogelea hawajui.

Safari za namna hii zimekuwa sehemu ya maisha ya mashabiki wengi vijana. Timu ikiwa na mechi Morogoro, Jumamosi wanakaa jukwaani, Jumapili wanapanda Uluguru. Ikiwa ni Moshi, wanaelekea Materuni kule Uru. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria Juni 2024 imeifanya Morogoro iwe pua na mdomo na Dar es Salaam. Mtu anaondoka asubuhi, anaona mlima, anarudi usiku nyumbani kwake.

Ni jambo jema na lisipigwe vita. Afadhali kijana anayepanda mlima Jumapili kuliko anayeshinda kijiweni akilalamikia penalti ya jana. Tatizo ni kwamba watu wanaichukulia safari hiyo kama pikiniki, wakati ule ni mchezo kamili, tena mgumu.

Hesabu zake ziko wazi. Maji ya Sanje yanaporomoka kwa ngazi, jumla ya mita zipatazo 170. Uwanja wa soka una urefu wa mita 105. Ukiusimamisha wima, bado unatakiwa uongeze juu yake zaidi ya nusu ya uwanja mwingine ndipo ulingane na maporomoko hayo. Kuzunguka njia yake kunachukua kama saa nne, zaidi ya mechi mbili na nusu mfululizo, tena kwa kupanda na kushuka. Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu 1992, si ya kukaa kwenye gari na kuchungulia dirishani. Pale ni miguu.

Hakuna kocha anayeweza kumpanga mchezaji wa dakika 240 bila mazoezi. Lakini mtu mwenye kazi ya kukaa ofisini wiki nzima, aliyelala saa tatu baada ya kushangilia ushindi, anajipanga mwenyewe kikosi cha kwanza, amevaa kandambili. Akifika kwenye maji miguu imekwisha, na misuli iliyochoka ndiyo inayokaza upesi ikikutana na baridi.

Wapo wanaosema wao ni watoto wa pwani, bahari wameizoea tangu utotoni, hawatishwi na bwawa la mlimani. Hoja hiyo ina tundu. Maji ya chumvi yanambeba mtu, maji baridi ya mto hayambebi kiasi hicho. Aliyezoea kuelea Kigamboni bila shida anajikuta anatumia nguvu zaidi kubaki juu. Halafu kuna baridi yenyewe. Mwili wenye joto ukiingia ghafla kwenye maji ya baridi, pumzi inashtuka. Mtu anavuta hewa kwa nguvu bila kupenda, kisha anapumua harakaharaka. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, anachovuta si hewa.

Pale maji yanapoangukia ndipo pabaya zaidi, ingawa ndipo kila mtu anapotaka kupigia picha. Ule weupe unaopendeza ni maji yaliyochanganyika na hewa, na maji ya namna hiyo hayana nguvu ya kumwinua mtu. Chini yake kuna mkondo unaozunguka, unamrudisha palepale anapojaribu kutoka. Mawe yana utelezi, na mengine yamejificha chini ya maji yanayoonekana ni marefu. Anayetanguliza kichwa anaweza kuvunjika shingo.

Mvua nayo ina ujanja wake. Inaweza kunyesha juu kabisa mlimani wakati bondeni jua linawaka. Maji yanabadilika rangi, yanaanza kubeba majani na vijiti, na muda si mrefu mto umejaa. Mwenyeji anaisoma dalili hiyo mapema. Mgeni anadhani mwenyeji anamharibia starehe.

Na hapa ndipo ugonjwa wa jukwaani unapohamia mlimani. Shabiki aliyezoea kubishana na kila filimbi anabishana pia na muongozaji. Akiambiwa hapa haingii mtu, anauliza kwa nini. Akiambiwa ni muda wa kushuka, anaomba dakika za nyongeza. Wengine wanamkwepa kabisa ili waokoe pesa, wanasema njia wanaiona kwenye simu. Uwanjani refa akikosea, timu inapoteza pointi tatu na wiki ijayo kuna mechi nyingine. Mlimani hakuna VAR ya kurudisha tukio nyuma, wala hakuna mechi ya marudiano.

Tena ile pesa ya muongozaji haipotei. Ndiyo inayomfanya kijana wa kijijini aone faida ya kuulinda msitu na mto. Wakazi wa Dar es Salaam wanapaswa kulielewa hili kuliko wengine, maana sehemu kubwa ya maji wanayotumia inatoka Mto Ruvu, na Ruvu unaanzia Uluguru. Mtu anayetupa chupa ya plastiki kwenye kijito kule juu anachafua maji ya kwao mwenyewe. Shabiki anayelipa kiingilio kuona sare ya bila kufungana hana sababu ya kumlalia bei mtu anayemrudisha salama kwa watoto wake.

Takwimu za dunia hazina mzaha. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021. Umoja wa Mataifa umeitenga Julai 25 kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo. Kwa kalenda ya soka letu, hicho ni kipindi ambacho ligi imesimama, usajili umepamba moto, na mashabiki wana muda wa kuzurura.

Hapo klabu zina kazi ya kufanya. Simba na Yanga zimeonyesha kwamba zikiwaita watu wao kuchangia damu au kufanya usafi kwenye matamasha yao ya kabla ya msimu, watu wanakuja kwa wingi. Nguvu hiyohiyo itumike kufundisha kuogelea. Haihitaji kamati ya ufundi. Tawi moja, mwalimu mmoja, bwawa la kukodi, na vijana 20 kila Jumamosi. Anayeweza kuelea kwa utulivu na kuogelea kurudi ukingoni ameshapata somo ambalo hakuna jezi mpya inayoweza kumpa.

Viongozi wa matawi wanaoandaa safari nao wabebe mzigo wao. Kabla gari halijaondoka, wajue nani anaweza kuogelea na nani hawezi, wala isiwe aibu kusema. Pombe ibaki kwenye gari hadi watu wote wameshuka mlima. Kamba iwepo kwenye begi, kwa sababu mtu akizidiwa majini cha kwanza ni kumrushia kamba au kumnyooshea mti mrefu. Anayejitosa kwa ushujaa bila ujuzi anakamatwa na mwenzake anayetapatapa, na tawi linarudi na misiba miwili. Watu wapumzike kwanza jasho likauke, waingie kwa miguu taratibu, na aliyechoka awekwe benchi bila mjadala.

Watasema hayo yanaondoa raha. Raha ya maporomoko haijawahi kuwa kwenye kuruka. Iko kwenye kusikia muungurumo kabla hujayaona maji, iko kwenye manyunyu yanayopiga usoni baada ya kupanda kwa shida, na iko kwenye kukaa juu ya jiwe na mwenzako mwenye jezi ya mtani, mkigawana ndizi, hakuna anayekumbuka nani alifungwa juzi.

Kipigo cha mabao matano kinauma, lakini shabiki hulala, akaamka na kununua tiketi ya mechi inayofuata. Kiti cha jukwaani kilichoachwa wazi na aliyezama hakijazwi na usajili wowote wa dirisha dogo.