Mwacha Asili na Aliyeachishwa: Somo kutoka Vijiji vya Warwickshire

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hunukuliwa kila mtu anapoasi mila za kwao au anapolionea haya jina la ukoo wake, na aghalabu anayeinukuu hudhani kwamba amekwisha kutoa hukumu. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba methali ni kauli, na kauli yoyote yafaa ipimwe kwa ushahidi. Ushahidi mmojawapo umo katika vijiji vya Uingereza, ambako wageni kutoka Marekani, Kanada na Australia huzuru makanisa ya kale wakisaka makaburi ya mababu zao.

Usakaji huo unawezekana kwa sababu ya maandishi. Mnamo 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na maziko, nalo lihifadhiwe katika sanduku lenye kufuli mbili. Serikali yenyewe haikuanza kusajili vizazi na vifo hadi Julai 1837. Kwa takriban karne tatu, basi, kumbukumbu ya mlalahoi ilikuwa mikononi mwa kasisi wa kijiji. Naye kasisi aliandika ibada za kanisa, hakuandika maisha. William Shakespeare alibatizwa Stratford-upon-Avon, katika kaunti ya Warwickshire, tarehe 26 Aprili 1564. Siku aliyozaliwa haikuandikwa, na ile ya Aprili 23 inayoadhimishwa ni makisio tu. Ikiwa hali ni hiyo kwa mwandishi mashuhuri kiasi hicho, sembuse mchunga kondoo?

Wasafiri wengi hawaendi kumtafuta mchunga kondoo. Waendako ni kwenye fahari. Ndiyo maana wapo wafanyabiashara wanaouza nembo za kifahari kwa kufuata jina la ukoo, ilhali College of Arms, taasisi ya London iliyoanzishwa mwaka 1484, hueleza bayana kwamba nembo ni haki ya mtu aliyetunukiwa na wazawa wake halali, si ya kila anayeshiriki jina. Isitoshe, majina yenyewe yamekwisha kutoa siri. Smith ni mhunzi, Shepherd ni mchunga kondoo, Fletcher ni mtengenezaji wa mishale. Asili iliyofichika katika majina hayo ni ya kiwandani na malishoni, wala si ya ikulu.

Msafiri anayetoka Stratford kuelekea vijiji vya kusini mwa kaunti hiyo akitazama dirishani ataona maandishi ya aina nyingine. Katika baadhi ya malisho, chini ya nyasi, yapo mawimbi ya ardhi yaliyonyooka sambamba. Hayo ni matuta ya wakulima wa zama za kati, waliolima kwa maksai kabla ardhi haijageuzwa malisho ya kondoo. Mwishoni mwa karne ya 15, kasisi John Rous wa Warwick aliorodhesha zaidi ya vijiji hamsini vya eneo hilo vilivyokuwa vimehamwa, akawalaumu wenye mali kwa tamaa yao. Orodha hiyo iliandikwa kabla ya amri ya Cromwell. Maana yake ni kwamba watu wa vijiji hivyo walikwisha kutawanyika kabla daftari la kwanza halijafunguliwa. Mjukuu wao anayewatafuta leo hatawapata kwa majina. Atakachopata ni matuta.

Mambo hayakuishia hapo. Kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za kuzungushia ua ardhi zilizotumiwa kwa pamoja, nazo zilihusu ekari milioni 6.8 hivi. Fauka ya hayo, sheria ya mwaka 1662 iliwaruhusu mahakimu kumrudisha maskini katika parokia aliyotambulika kuwa mkazi wake, iwapo malalamiko yangetolewa katika muda wa siku 40 tangu afike. Kabla ya kufukuzwa alihojiwa kwa kiapo: kazaliwa wapi, kamtumikia nani, kamwoa nani. Majibu yaliyosalia ni hazina kwa watafiti wa nasaba. Hapa pana kinaya kichungu, kwamba maskini aliandikiwa wasifu wake siku ile ile alipoambiwa hana mahali pake.

Ushahidi mzito zaidi umo katika uwanja wa kanisa la Oxhill, kijiji cha kaunti iyo hiyo. Pale pana jiwe la kaburi la Myrtilla. Alibatizwa Oktoba 20 na akazikwa Januari 6, ya mwaka ambao Waingereza wa wakati huo waliuita 1705, kwani hadi 1752 mwaka wao wa kisheria ulianza Machi 25. Kwa kalenda ya leo, alizikwa mwaka 1706. Jiwe linamtambulisha kuwa mtumwa Mweusi wa Bwana Thomas Beauchamp wa Nevis, kisiwa cha Karibi. Bwana katajwa kwa majina yake mawili na mahali pake. Mtumwa kapewa jina moja, na halina "binti" fulani baada yake. Hakutajwa baba, mama wala nchi.

Je, Myrtilla aliacha asili yake? Hapa sarufi ya Kiswahili inasaidia kuliko hukumu ya haraka. "Mwacha" ni nomino inayotokana na kitenzi katika kauli ya kutenda. Humtaja mtu aliyeamua. Lakini Kiswahili kina pia "kuachishwa", na historia ya Warwickshire imejaa walioachishwa. Methali inasema mwacha asili ni mtumwa. Kaburi la Oxhill linaonyesha kwamba mtumwa ndiye aliyeachishwa asili. Mpangilio wa sababu na tokeo umegeuka. Wenye asili za pwani ya Kenya hawahitaji kusafiri mbali kulielewa hilo, kwani Frere Town ya Mombasa, iliyoanzishwa 1875 na wamishenari wa Kiingereza kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, ilipokea watu waliotenganishwa na koo zao kwa nguvu. Kuwarushia wazawa wao methali hiyo ni kuwaadhibu mara ya pili.

Wapo watakaodai kwamba kuyachokora hayo ni kufukua makaburi, na kwamba anayesafiri kuwatafuta wazee wake hutafuta faraja. Dai hilo lina uzito, lakini faraja iliyojengwa juu ya nembo ya kununua ni ya kupita. Anayetafuta ukoo hana budi kuuliza maswali mawili: nani alikuwa babu yangu, na nani aliyemwondoa hapa? Asiyeuliza la pili hurudi nyumbani na picha ya kanisa. Aliyeuliza hurudi na historia. Nayo methali ya wahenga isitupwe. Ifundishwe pamoja na swali lake, ili kabla ya kumwita mtu mwacha asili ijulikane kwanza kama aliacha au aliachishwa.